Kufundisha kwa Filamu: Funzo Kutoka Bandari ya Marseille

Mara nyingi sisi wakufunzi tunapozungumza juu ya vifaa vya kufundishia, fikira zetu hukimbilia ramani, chati, vielelezo vya picha na vitu vinavyookotwa katika mazingira ya shule. Filamu huwekwa kando, ama kwa sababu ya uhaba wa mitambo, ama kwa imani kwamba filamu ni kitu cha starehe ambacho hakistahili kuchukua nafasi ya ubao na chaki. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tulivyoitumia filamu moja ya Kifaransa katika somo la mbinu za kufundisha fasihi, na jinsi filamu hiyo, mbele ya wanachuo wetu, ilivyotugeukia sisi wenyewe tuliokuwa tumesimama mbele ya darasa. Hatuyaandiki haya kwa kujigamba. Mwalimu anayeandika habari za masomo yaliyofaulu tu huwanyima wenzake nusu ya elimu.

Filamu yenyewe inaitwa Les Neiges du Kilimandjaro, yaani Theluji za Kilimanjaro. Ilitengenezwa na Robert Guédiguian, ikaonyeshwa katika tamasha la Cannes mwaka 2011, na mwaka huo huo ikapewa tuzo ya filamu ya Bunge la Ulaya. Msomaji asiichanganye na hadithi ya Hemingway yenye jina kama hilo. Jina hili limetokana na wimbo wa Pascal Danel uliopendwa sana Ufaransa katika miaka ya 1960. Wala asitazamie kwamba watu wa filamu hii watafika kwetu na kuupanda mlima. Hadithi yote ni ya Marseille, na Kilimanjaro ni ndoto tu iliyofungwa ndani ya bahasha ya tikiti.

Mji na watu wake

Marseille ni mji wa bandari ulio kusini ya Ufaransa, kwenye bahari ya Mediteranea. Ni mji mkongwe, ulioanzishwa na wafanyabiashara wa Kiyunani yapata miaka 600 kabla ya Kristo. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli zilizotoka huko ziliweza kushika njia fupi ya kuja Bahari ya Hindi, na mkondo huo wa safari haukwenda upande mmoja tu. Hata leo Marseille ina maelfu mengi ya watu wenye asili ya Ngazija na visiwa jirani, ambao lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Kwa hiyo tulipowaonyesha wanachuo mji huu kwenye ramani, hatukuwaonyesha mahali pasipotuhusu.

Guédiguian alizaliwa Marseille mwaka 1953, akakulia katika mtaa wa L'Estaque, akiwa mtoto wa mfanyakazi wa bandarini. Filamu zake nyingi zimepigwa katika mji huo, na kwa miaka mingi amekuwa akiwatumia waigizaji wale wale: Ariane Ascaride, Jean-Pierre Darroussin na Gérard Meylan. Mtazamaji anayezifuata filamu hizo huwaona watu hawa wakizeeka pamoja na mtaa wao. Viwanda vinafungwa, karakana za meli zinapungua, na makontena yanafanya kwa winchi moja kazi iliyokuwa ikifanywa na vikosi vizima vya makuli. Aliyepata kusimama karibu na lango la bandari yetu ya Dar es Salaam na kuzungumza na wazee walioshuhudia shehena ikibebwa kwa mabega hatahitaji maelezo marefu.

Tulikuwa na filamu mbili za kuchagua. Ile nyingine, La Ville est tranquille ya mwaka 2000, ni ya mtengenezaji huyo huyo, mji huo huo na waigizaji hao hao. Ndani yake mama afanyaye kazi katika soko la samaki anamtafutia binti yake dawa za kulevya ili asiendelee kumwona akiteseka, na kuli mmoja anawaacha wenzake katika mgomo, anapokea malipo ya kuachia kazi na kununua teksi. Ni kazi nzito na ya kweli, lakini inamwacha mtazamaji gizani. Tuliona kwamba kwa wanachuo ambao baadhi yao wana umri wa miaka 19, giza hilo lingefunga mazungumzo badala ya kuyafungua. Mwalimu hachagui kifaa kwa ubora wake peke yake. Hana budi kukipima kwa wale watakaokitumia.

Kisa chenyewe

Filamu inaanza gatini. Wafanyakazi ishirini lazima wapunguzwe. Michel, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, amekubaliana na wenzake kwamba njia isiyo na upendeleo ni kura. Majina yote yanaandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa sandukuni, kisha yeye mwenyewe anayatoa moja moja na kuyasoma. Kwa cheo chake angeweza kuliacha jina lake nje. Hakufanya hivyo, na jina lake likatoka.

Michel ana mke, Marie-Claire, ambaye hulipwa kwa kuwahudumia wazee na kuwafanyia usafi majumbani. Wanapotimiza miaka thelathini ya ndoa, watoto wao, jamaa na wafanyakazi wenzao wanachanga fedha na kuwapa zawadi ya safari ya Tanzania, wakauone mlima wa ule wimbo. Siku si nyingi baadaye, wakiwa wanacheza karata nyumbani pamoja na ndugu wa Marie-Claire na mumewe Raoul, watu wawili waliofunika nyuso wanaingia na bunduki, wanawafunga kamba, wanawapiga, na kuchukua fedha, kadi za benki na tikiti.

Katika vitu vilivyoibwa kulikuwamo kitabu cha katuni ambacho Michel alikipenda tangu utotoni. Siku moja ndani ya basi anakiona kitabu hicho mikononi mwa watoto wawili. Anawafuata hadi kwao, na hapo anatambua kwamba mwizi ni Christophe, kijana aliyeachishwa kazi siku ile ile moja naye, kwa kura ile ile, na ambaye alikuwapo kwenye sherehe. Wale watoto ni wadogo zake. Mama yao hayupo nyumbani, naye ndiye anayewalea. Michel anakwenda polisi, na Christophe anakamatwa.

Kinachofuata ndicho kiini cha filamu. Michel anapokutana na kijana huyo kizuizini anatazamia kusikia majuto, lakini anasikia mashtaka. Christophe anamwambia kwamba kura yao haikuwa ya haki: hakuna aliyeuliza ni nani nyumbani kwake kuna mishahara miwili na ni nani anayelisha watoto peke yake. Michel anampiga kofi. Kofi hilo halimpi raha. Tangu hapo yeye na mkewe, kila mmoja kwa siri yake, wanaanza kuelekea kwa wale watoto wawili, na mwishoni wanawachukua wakae nao. Hapa Guédiguian amefuata shairi la Victor Hugo liitwalo Les Pauvres Gens, lililomo katika diwani yake ya mwaka 1859, ambamo mke wa mvuvi maskini anawachukua yatima wa jirani yake kabla ya kumwuliza mumewe, kumbe na mumewe amewaza vivyo hivyo.

Somo lilivyokwenda

Andalio letu la somo lilikuwa safi. Tulipanga kuonyesha filamu yote kwa mfululizo, tukieleza kwa Kiswahili pale ambapo maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha yangewapita wanachuo, na siku ya pili kuwagawa katika vikundi wachambue dhamira, wahusika na migogoro. Lakini umeme haukusoma andalio letu. Ulikatika pale pale ambapo wale waliofunika nyuso walikuwa wametoka na fedha, na wenye nyumba wamebaki wamefungwa kamba. Tulingoja robo saa, haukurudi. Ikatubidi tuendeshe mjadala kwenye mwanga wa dirisha, na nusu ya hadithi ilikuwa bado haijulikani.

Tunakiri kwamba huo ndio mjadala bora kuliko yote tuliyopata kuendesha katika chuo hiki. Wanachuo walimhukumu mwizi asiye na uso. Wengi walitaka afungwe maisha, na mmoja alisema kwamba mtaani kwao mtu kama huyo hafikishwi polisi. Tuliyaandika maneno yao ubaoni kama walivyoyasema, tukaomba yasifutwe. Kesho yake umeme uliporudi na uso wa Christophe ukaonekana, pamoja na vitanda vya wadogo zake, darasa lilikaa kimya likisoma ubao wake lenyewe. Hatukuhitaji kuuliza swali.

Jambo jingine lilitokea ambalo hatukulipanga. Mwanachuo mmoja kutoka Rombo alisema kwamba kabla ya kuja chuoni alibeba mizigo ya watalii mlimani kwa misimu miwili. "Mwalimu," alisema, "sisi kila aliyeshuka kwenye gari tulimhesabu kuwa tajiri. Sikujua kwamba yupo wa kuchangiwa tikiti kama tunavyochangiana harusi." Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka. Mlima wenye mita 5,895, aliokuwa akiuona kila asubuhi akienda kuchota maji, ulikuwa umegeuka na kumwonyesha upande wake wa pili: kwa mfanyakazi wa Marseille ni kilele cha maisha yote ya kazi, na kwa kijana wa Rombo ni kazi ya kubeba mzigo wa mtu huyo. Katika dakika tano wanachuo walielewa kwa moyo kile tunachokiita mtazamo wa mhusika, ambacho tulikuwa tumekifundisha kwa vipindi vitatu bila mafanikio makubwa.

Swali la mstari wa nyuma

Tulipofikia mazungumzo ya kizuizini tuliisimamisha filamu kwa makusudi, maana umeme ulikuwa umekwisha kutufundisha faida ya kusimama. Tuliuliza: Je, kura ya Michel ilikuwa ya haki? Darasa liligawanyika. Wapo waliosema kwamba kura haimjui mtu, na kutomjua mtu ndiko kuliko na haki. Wapo waliosema kwamba kutomjua mtu ndilo kosa lenyewe. Tulikuwa tukifurahia jinsi hoja zilivyokuwa zikipokezana, na tumekwisha kuandika neno "usawa" upande mmoja wa ubao na neno "haki" upande wa pili, wakati mwanachuo mmoja wa kike wa mstari wa nyuma, asiyezoea kusema, aliponyanyua mkono.

"Mwalimu," aliuliza, "na kura yetu ya shule za mazoezi?"

Hatuna budi kumweleza msomaji. Katika chuo chetu, kwa miaka kadhaa, shule za mazoezi ya kufundisha ziligawiwa kwa vikaratasi. Sisi ndio tuliouleta utaratibu huo. Kabla yake palikuwa na manung'uniko kwamba shule za karibu na mjini huenda kwa wenye jamaa, na tulipoweka kikapu mezani na kila mwanachuo akatumbukiza mkono wake mwenyewe, manung'uniko yalikoma. Tulijivunia kikapu hicho. Tulikisifu hata katika mkutano wa wakufunzi.

Miaka miwili kabla ya somo hili, mwanachuo mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga wa miezi minne alichukua kikaratasi cha shule iliyo ng'ambo ya mto, ambayo wakati wa masika hufikiwa kwa siku nzima ya lori na miguu. Alikuja ofisini kwetu jioni ile, mtoto mgongoni. Hakulalamika. Aliomba kubadilishana na mwenzake aliyekuwa radhi. Tulimjibu kwamba tukimruhusu yeye watakuja kumi, na kwamba kura haina jamaa. Tulilisema neno hilo la pili kwa sauti ya mtu anayejua kwamba amesema neno zuri. Alishukuru, akaenda. Katika juma la tatu mtoto aliugua, akarudi kwao bila kungoja ruhusa, na kwa mujibu wa taratibu jina lake likafutwa katika orodha. Sisi ndio tuliotia sahihi.

Yule aliyeuliza swali alikuwa ametoka kijiji kimoja naye. Hatukulijua hilo hadi siku ile.

Tungeweza kumjibu kwa maneno ya kitaalamu. Badala yake tulisimama na chaki mkononi, na kwa mara ya kwanza tulielewa kwa nini Michel alipiga kofi. Hakumpiga kijana kwa sababu kijana alikosea. Alimpiga kwa sababu alikuwa ameweka heshima yake yote ndani ya sanduku lile, na kijana alikuwa amelifungua na kumwonyesha kilichosahauliwa ndani. Ubora wa Michel ni kwamba hakulikimbia jambo baada ya kofi. Hatimaye tulisema: "Swali lako ni la kweli. Jibu letu la wakati ule lilikuwa baya." Kisha tukaiendesha filamu hadi mwisho, na hakuna aliyezungumza.

Kiswahili chenyewe kina onyo katika jambo hili, nasi hatukulisikia. Neno "kura" tunalitumia kwa mambo mawili: kumchagua mtu kwa kumfikiri, na kumwachia bahati achague badala yetu. Katika kura ya kwanza mtu anabeba wajibu wa alichokichagua. Katika kura ya pili wajibu unawekwa kikapuni, na kila mmoja anaondoka akiwa msafi. Tulikuwa tumeupenda usafi huo. Kikapu kilituondolea lawama za upendeleo, jambo ambalo ni jema, lakini kilituondolea pia kazi ya kuwajua wanachuo wetu, na kazi hiyo ndiyo ualimu.

Tuliyoyabadilisha

Tangu mwaka uliofuata, kabla ya mgao, kila mwanachuo huandika kwa ufupi hali yake: afya, watoto, wagonjwa anaowauguza. Kamati ya wakufunzi wawili na wanachuo watatu huyasoma maandishi hayo na kuwapanga kwanza wale wenye mahitaji ya lazima. Wanaobaki, walio sawa kwa hali, ndio wanaoingia kwenye kikapu. Hatukukitupa kikapu, maana manung'uniko ya zamani nayo yalikuwa na sababu. Tumekisogeza kiende mahali pake.

Utaratibu huu nao una kasoro zake, na ingekuwa hila kuzificha. Mwaka wa kwanza mwanachuo mmoja alijiandikia ugonjwa asiokuwa nao, akapata shule ya jirani. Mwingine aliyekuwa amefiwa na mama yake hakuandika neno lolote kwa sababu ya haya, akapelekwa mbali na msiba wake. Wa kwanza alitudanganya kwa maandishi, na wa pili alidanganywa na karatasi isiyojua kumwuliza mtu kwa upole. Kwa hiyo sasa, pamoja na karatasi, tunazungumza na kila mmoja. Kazi imekuwa ndefu. Michel na wenzake wangepoteza siku nyingi wakiulizana hali za nyumbani, na huenda wangegombana. Lakini Christophe asingekuwa mgeni kwao.

Kwa wenzetu wanaotaka kujaribu filamu darasani tungependa kutoa mambo matatu tuliyoyathibitisha. Kwanza, isimamishwe. Filamu inayokwenda mfululizo humfanya mwanafunzi kuwa abiria, na ile inayosimamishwa mahali panapofaa humlazimisha atabiri, ahukumu, kisha ajisahihishe. Pili, maneno ya wanafunzi yaandikwe ubaoni jinsi walivyoyasema na yaachwe hadi hadithi iishe, ili wajisomee wenyewe mabadiliko ya mawazo yao. Tatu, mwalimu asichague kazi ya sanaa akidhani kwamba yeye yuko nje yake. Maswali anayoyatayarisha kwa ajili ya wahusika yanaweza kumrudia yeye, na siku hiyo darasa litajifunza zaidi kwa namna atakavyolipokea swali kuliko kwa yote aliyoyaandika katika andalio.

Yule mama tulimtafuta. Tulimwandikia kwa mkono wa yule mwanachuo wa mstari wa nyuma, tukamweleza kwamba tulikosea, na kwamba tumemwomba mkuu wa chuo alifikirie upya jina lake. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, karatasi moja yenye mistari minne. Alitusalimu, akaulizia afya za wakufunzi wote, akasema mtoto amepona na sasa anatembea. Juu ya kurudi chuoni hakusema neno. Barua hiyo tumeiweka ndani ya kikapu, na kila mwaka kabla ya kukifungua huanza kwa kuitoa.